Niliweka RAM isiyosahau kwenye kompyuta ya kanisa, sasa natamani ile ya polepole irudi

Jumapili ile ya mwezi wa nne ambayo huku Sydney saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, saa nane na robo mchana. Ndipo ilipoanza.

Saa naikumbuka kwa sababu ile ya ukutani kanisani ilikuwa haijarudishwa. Ilisema saa tisa na robo, na watu kadhaa wenye shift ya jioni walishaanza kutafuta funguo za gari.

Wakuu, salaam. Mimi ni mmoja wa wale wanaosoma humu kimyakimya bila hata ku-like. Huu ni uzi wangu wa kwanza. Nina miaka kumi na saba, nasoma Year 11, na ana kwa ana siongei sana. Nyumbani Mama akiniuliza kwa Kiswahili namjibu kwa English. Lakini diary yangu naandika kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa sababu kwenye karatasi hakuna mtu wa kunicheka matamshi. Kwa hiyo mkiona naandika kama naiandikia diary, ndiyo mazoea.

Ninayosimulia yametokea. Majina nimebadilisha, na Mama yangu amesoma kwanza kabla sijabandika.

Twende.

Kanisa letu la Kiswahili linakodi ukumbi kwenye maghala ya Seven Hills. Kushoto wanatengeneza vioo vya magari, kulia wanauza vigae. Tunakodi mpaka saa kumi jioni, basi. Tupo Watanzania wachache, Wakenya wengi, Wakongo wengi zaidi.

Kazi yangu ni media. Niliichagua kwa sababu ukikaa nyuma ya kompyuta hakuna anayekuambia uje mbele utoe ushuhuda.

Baada ya ibada watu wanakuja mezani kwangu na flash. Sisi tunaita "kuchukua ibada". Mtu anataka mahubiri ya leo, au kwaya, ampelekee dada yake Nairobi au Bukavu. Mimi nanakili, nampa, anaondoka.

Nimesema anaondoka kana kwamba ni haraka. Haikuwa haraka.

Kompyuta ilikuwa ya zamani, diski yake ya kuzunguka, RAM kidogo. Na yule aliyeianzisha kabla yangu alitupa kila kitu kwenye folda moja. Ibada, harusi, misiba, kwaya, na juu ya hayo Picha za Nyumbani. Hizi zilikusanywa mwaka ule kanisa lilipotimiza miaka kumi. Kila familia iliambiwa ilete picha za kule ilikotoka. Watu walileta za simu, za karatasi, za kambini, za shule, za mazishi. Maelfu. Zote zina majina ya namba tu.

Ibada ya leo ilikuwa inakaa chini kabisa ya folda. Ili uifikie, ungoje picha zote zijitokeze kwanza, safu kwa safu, kutoka juu. Ukijaribu kuruka, kompyuta inaganda.

Na haikuwa inazoea. Ikifika mwisho, imeshasahau mwanzo. Mtu wa pili akija na flash yake, inaanza upya.

Kwa hiyo watu walikuwa wanasubiri. Wanaleta viti. Wanaleta chai na maandazi. Wanaangalia skrini, wanacheka suruali za zamani za wazee. Mama Kevin, Mkenya mmoja muuguzi, alikuwa na mazoea ya kupiga kelele, "Huyo ni nani na hiyo afro? Mzee, ni wewe?"

Aliyekuwa anakaa karibu nami zaidi ni Mama Yolande.

Niwaeleze kidogo. Yeye ni Mkongo wa upande wa Uvira, anaishi peke yake Mount Druitt, anafanya kazi nyumba ya wazee pamoja na Mama yangu. Yolande ni jina lake mwenyewe. Wakongo wengi huku ndivyo wanavyoitana, Mama halafu jina lako. Kwetu angeitwa Mama fulani, na hilo fulani lingekuwa jina la mtoto wake, likatajwa kutwa nzima. Kwake hatukujua kama kuna mtoto.

Kila Jumapili alikuja na flash ileile nyekundu. Anaketi, anaweka kikombe cha chai juu ya spika, anasema, "Fungula tu, mutoto yangu. Mimi siko na mbio."

Halafu anaangalia. Hacheki suruali za watu. Haongei sana pia, ndiyo maana nilimpenda. Tulikuwa wawili wa kunyamaza, tumekaa pamoja katikati ya kelele.

Sasa hiyo Jumapili ya saa kurudi nyuma, foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na wenye shift walichanganyikiwa na saa ya ukutani. Mzee mmoja wa kanisa akanisimamia kichwani akauliza, mbele ya watu, kwa nini kompyuta ya Mungu iwe ya mwisho Sydney nzima. Watu wakacheka. Mimi uso ukawaka.

Kaka Deo akaingilia. Huyu ni kama kaka kwangu, familia zetu zinajuana toka Morogoro. Anafanya kazi kwenye ghala linalopokea kompyuta zilizotupwa na maofisi. Akasema ghalani kwao kuna server imeletwa, kompyuta kubwa ya ofisi, ina vijiti vya memory vya ajabu, na bosi wake amesema aichukue kabla haijaenda kusagwa.

Hivyo vijiti ndivyo kinachoitwa persistent memory.

Wakuu mnaojua, nivumilieni nieleze wasiojua. Wasiojua, msikimbie, ni rahisi.

Diski ni kama stoo iliyo nyuma ya nyumba. Vitu vinakaa humo hata umeme ukikatika, lakini kila ukitaka chumvi lazima utoke nje. RAM ni meza ya jikoni. Kila kitu kiko mkononi, ila umeme ukizima meza inafutwa yote.

Persistent memory ni meza isiyofutwa. Kinachomekwa mahali pa RAM, kinasomwa karibu kama RAM, na ukizima ukutani ukawasha kesho, vitu vyako viko palepale ulipoviacha.

Lakini kukichomeka tu hakutoshi, na hapo ndipo niliponasa. File system za kawaida, yaani programu zinazopanga na kusoma mafaili, ziliandikwa zikiamini stoo iko mbali. Kwa hiyo kabla ya kukupa faili, zinalibeba kwanza kulileta kwenye RAM, zinatunza nakala, zinasubiri mzigo ujae ndipo zirudishe. Ukizipa meza isiyofutwa, zinaendelea kubeba vilevile, kutoka mezani kwenda mezani. Ujinga mtupu. Kuna namna ya kuiambia file system iache kubeba, isome pale pale kitu kilipo. Wanaiita DAX. Unaiwasha wakati wa ku-mount, yaani unapoiunganisha hiyo memory na mfumo.

Najua kuna atakayekuja kusema SSD ya kawaida, ile diski ya kisasa isiyozunguka, ingetosha. Ndiyo, ingetosha kabisa. Lakini SSD tungenunua, hivi tulipewa. Halafu havitengenezwi tena siku hizi, na mimi vitu vilivyoachwa na kila mtu vinaniingia rohoni.

Nilifanya kazi ile wiki kadhaa, baada ya shule, gereji kwetu, server na kompyuta ya zamani zikiwa ubavu kwa ubavu. Nilikosea sana. Mara ya kwanza vijiti vilikuwa vimewekwa kwenye mode ya kufanya kazi kama RAM ya kawaida, nikanakili kila kitu, nikazima, nikawasha, hakuna hata picha moja. Nilikaa chini sakafuni. Bahati diski ya zamani sikuigusa.

Mara ya pili nikaweka sawa. Nikazima ukutani makusudi. Nikawasha. Zote zipo.

Folda ikafunguka kabla sijaondoa kidole kwenye mouse.

Sijawahi kufurahi vile peke yangu.

Kwa kuwa kila kitu kilikuwa cha papo kwa papo, nikaona hata ile orodha ya picha haina kazi. Kwa nini watu waangalie maelfu ya vitu wasivyovitaka? Nikatengeneza ukurasa mweupe wenye kisanduku kimoja. Unaandika unachotaka: ibada, tarehe, jina la familia. Kinakuja hicho tu.

Jumapili ya kwanza ya mashine mpya, foleni iliisha chai haijachemka. Kaka Deo alinigonga bega akasema, "Dogo, watu wanachukua ibada kama takeaway." Yule mzee wa kanisa akanitaja madhabahuni. Watu wakapiga makofi. Nilitazama viatu vyangu, lakini wakuu, nilifurahi. Siwezi kudanganya.

Viti vikarudi ukutani. Maandazi yakawa yanabaki.

Mama Yolande alikuja na flash yake nyekundu akasimama. Hakukuwa na kiti. Nikanakili, nikampa. Akawa ameishika tu, anaangalia ule ukurasa mweupe.

Akaniuliza zile picha zimeenda wapi.

Nikamwambia hazijaenda popote, zipo, aniambie anataka ya nani, niandike jina hapa. Nikaweka vidole tayari kwenye keyboard. Nilikuwa najivunia, nilitaka aone.

Akaangalia vidole vyangu. Nyuma yake kulikuwa na Mama Kevin na wengine wawili.

Akasema, "Hapana. Hakuna mutu."

Jumapili iliyofuata alirudi. Alisubiri mpaka wote wakaondoka, akaja akainama karibu na sikio langu. "Huwezi kuweka ile ya zamani? Ile ya polepole?"

Mimi nikadhani ni utani. Au nikadhani ni mtu mzima asiyependa vitu vipya, kama Mama na simu yake. Nikacheka. Nikaanza kumweleza, mimi nisiyeongea, nikamweleza habari za meza na stoo zote mpaka mwisho.

Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Sawa, mutoto yangu. Ni vizuri kwa wenye mbio."

Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuja mezani. Baadaye akaacha kuja hata ibadani.

Ikajulikana kwamba ameomba kazini apangiwe Jumapili. Sasa mliopo huku mnajua, Jumapili mshahara unapanda. Siku moja tunapanga viti Mama Kevin akasema, "Huyo ameonja Sunday rates, kanisa ataliona wapi tena?" Wamama wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba atakuwa anajenga ghorofa Bukavu.

Na mimi nilicheka. Si kwa sauti, mimi sicheki kwa sauti. Lakini nilicheka.

Tukafika mwezi wa saba, likizo ya shule, baridi ya kuvaa soksi mbili. Jumapili jioni tuko nyumbani, Mama anakunja nguo, mimi namsimulia hicho kichekesho cha ghorofa. Nilisimulia kwa Kiswahili kabisa, ili apende.

Mama hakucheka. Akaacha kukunja.

Akaniambia nimletee maji. Nikaleta. Hakunywa.

Halafu akasema jambo ambalo alikuwa nalo zaidi ya mwaka. Mama Yolande alimwambia kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka, na akamwomba asilitoe.

Mama Yolande ana binti. Walipotezana njiani, vita vilipowakuta, binti akiwa na umri kama wangu. Hajui yuko hai au la. Ameshaandika kwa wale wanaotafuta ndugu waliopotezana, jibu halijaja.

Alipofika Australia, kwenye kanisa la kwanza alilosali, alilisema. Alitaka tu wamwombee. Wiki ileile wamama walikuja kwake na sufuria na kanga, wakakaa chini, wakaanza kulia. Wakachanga. Mmoja akauliza siku ya kumaliza msiba. Walikuwa wanampenda, Mama alisema hivyo, walikuwa wanampenda kweli. Lakini walimzika mtoto wake sebuleni kwake huku yeye anawapikia chai. Hakurudi tena kanisa lile, na jina la binti hakulitaja tena mbele ya watu.

Mimi nikauliza hilo linahusiana nini na kompyuta.

Mama akanitazama kama ananihurumia.

Kwenye Picha za Nyumbani kuna picha ya kwaya ya kambini. Ililetwa na familia nyingine, hawamjui huyo binti, ile kwaya ilikuja kambini kwao kama wageni tu siku hiyo. Safu ya pili kuna msichana amefunga kitambaa cha njano. Mama Yolande aliiona siku moja akisubiri ibada yake. Ilipita tu, katikati ya suruali za wazee. Akainua macho, mtoto wake huyu hapa, mkubwa kuliko alivyomwacha.

Mkubwa kuliko alivyomwacha, wakuu. Maana yake baada ya kupotezana alikuwa hai, anaimba.

"Hakuwa anakuja kuchukua ibada," Mama alisema. "Ibada zote ulizomwekea kwenye flash hajafungua hata moja. Alikuwa anakuja kumsubiri mwanae apite."

Nikamwuliza kwa nini Mama Yolande hakuniambia nimpe nakala. Nilikuwa nalia sasa, na niliuliza kwa hasira, kama vile ni yeye aliyenikosea.

Mama akasema, "Angekuambiaje? Si ulimwambia ataje jina?"

Sikulala vizuri. Nilikuwa naviona vidole vyangu juu ya keyboard, vikisubiri.

Kabla sijamalizia na asubuhi yake, niseme nilichojifunza, nisije nikasahau.

Nilipima kila kitu cha ile mashine. Faili ngapi, sekunde ngapi, kipi kinabebwa bure. Watu waliokaa kwenye viti sikuwapima. Niliona wanasubiri nikajua wanateseka. Sikuuliza hata mmoja, kwa sababu kuuliza watu ndicho kitu kinachonishinda, nikaona afadhali niulize mashine. Kasi haikuwa kosa, watu wa shift waliihitaji kweli. Ila kulikuwa na mtu aliyeweza kuona bila kuomba, nikamwondolea, nikamwekea kisanduku kinachomtaka aseme.

Najuta pia kile kicheko. Hicho hakina uhusiano na teknolojia.

Wakuu mnaotengenezea watu mifumo, mahospitalini, maofisini, popote, mlishawahi kuharakisha kitu mkaona mtu fulani ameacha kuja? Mlifanyaje? Naomba mniandikie, hata wale wa kutukana SSD karibuni. Nitasoma zote. Kujibu nitajibu taratibu.

Sasa asubuhi.

Jumatatu nilimwuliza Mama kama Mama Yolande ana kazi. Akasema leo yuko off. Hakuniuliza kwa nini, akanipa tu kile kitoroli chake cha sokoni.

Kompyuta ya zamani ilikuwa bado gereji, tulikuwa tunangoja council, manispaa ya huku, ije ichukue takataka kubwa. Nikaiweka kwenye kitoroli, nikaifunika blanketi, nikaenda stesheni ya Seven Hills. Kwenye treni bibi mmoja wa kizungu alinipisha kiti, nadhani alifikiri nimebeba mbwa mgonjwa.

Nikafika mlangoni kwa Mama Yolande. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha toka Seven Hills, nilipofika Mount Druitt yote yalikuwa yameisha. Alipofungua nikasema, "Shikamoo Mama. Nimeleta ile ya polepole."

Akaangalia kitoroli. Akaangalia uso wangu, akajua kwamba najua. Nilimwona akijua, na nikaogopa kwamba atafunga mlango.

Akasema, "Ingia, baridi."

Nikaichomeka kwenye TV yake. Feni ikaanza kelele zake. Yeye akaweka birika. Nikafungua folda, nikasogea pembeni, sikugusa kitu.

Picha zikaanza. Safu kwa safu. Yule mzee na afro yake. Harusi ya mtu. Shule fulani, watoto wamekunja uso kwa jua. Mama Yolande akaja na vikombe viwili, akaketi, kimoja akakiweka juu ya spika ya TV.

Nilikuwa sijawahi kuiona, au niliiona mara mia bila kuiona. Kitambaa cha njano. Ana uso wa mama yake kabisa, mdomo wazi, yuko katikati ya neno.

Mkono wangu ukaenda kwenye mouse. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Nisimamishe?"

"Hapana," akasema. "Ukisimamisha, atakuwa picha. Wacha apite."

Akapita. Safu nyingine zikamsukuma juu, akatoka.

Diski ilikuwa inagonga ndani, tk, tk. Kaka Deo alishaniambia zikianza kugonga hivyo hazina muda. Picha yenyewe haitapotea, ipo kwenye vijiti na nakala nyingine kwetu. Lakini vijiti havijui kusubirisha mtu. Hilo sikumwambia.

Folda ikafika mwisho, kwenye ibada ya mwezi wa nne. Chai yake ilikuwa imepoa, hajaigusa.

Akavuta kiti chake karibu kidogo na TV.

Nikaifunga folda, nikaifungua tena toka mwanzo.